Aisii Yenye Doa Jekundu

Aabo Hodan,

Nakuita aabo kwa maandishi kama ninavyokuita kwa mdomo. Kwetu baba na mtoto huitana kwa jina hilo hilo moja, nawe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukicheka na kuuliza, "Sasa baba ni nani hapa?" Nilikuwa nakujibu kwamba baba ni yule mwenye ndevu. Siku hizi swali hilo halinichekeshi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali nakisema tu, kukiandika hakuna aliyenifundisha, na Kiingereza changu kinatosha kusoma maandishi ya mgongoni mwa redio basi. Uvumilie mwandiko. Mkono huu umezoea kushika solda ya moto kuliko kalamu.

Mama yako amekwisha kukuagiza kila kitu. Blanketi, mafuta ya nywele, baridi ya Nairobi, nani wa kumsalimia ukifika mtaa wa Isili na nani wa kumkwepa. Amekuagiza mpaka namna ya kukaa ndani ya basi. Sina la kuongeza hapo, na nikiongeza atasema namsahihisha. Nina jambo moja tu, na jambo lenyewe unalijua tayari. Usilolijua ni kwamba mimi pia nalijua, na kwamba kwa miaka miwili hii hakuna siku niliyoamka bila kulijua.

Leo baada ya Alasiri wazee walikuja kukuombea dua ya safari. Uliketi na mama yako upande wa wanawake, mtandio umekufunika mpaka kwenye nyusi, na kila mtu alipoingia uani uliinua macho. Ulikuwa unamtafuta Ayeyo Dahabo, bibi yetu wa jirani. Ua wake na wetu umegawanywa na uzio mmoja wa miiba, mbuzi wake hula nguo zetu kwenye kamba, na hakuja. Majirani wote waliona kwamba hakuja. Nilijua sababu, nawe uliijua, na dua ilipoanza nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko mzee yeyote pale. Nilijisikia nikiitikia, nikajichukia.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana nikianza na siku yenyewe nitaanza kujitetea, na kujitetea nimejitetea vya kutosha.

Ufundi nilijifunza Nairobi, kwa mzee mmoja mwenye kibanda ambaye hakuwa hata na mita ya kupimia umeme. Mita yake ilikuwa kidole. Akitaka kujua kama aisii ni nzima, yule mdudu mweusi wa miguu minane ambaye kazi yake ni kuchukua sauti ndogo na kuikuza, aliwasha redio na kugusa mguu wake mmoja kwa ncha ya kidole. Spika ikinguruma, nzima. Ikinyamaza, imekufa. Nilirudi Garissa na ujuzi huo wa kidole, na ukanilisha. Watu wakaniita Fundi Kidole. Jina la utani huku kwetu likikuganda hulibandui, nami sikutaka kulibandua. Watu walikuwa wakitoka sokoni na redio kaseti kwapani, wanauliza Fundi Kidole yuko wapi, na mimi nikiwa ndani nilikuwa nachelewa kidogo kuitika ili waulize tena.

Ndiyo, aabo, baba yako ni mtu wa namna hiyo.

Kisha vita vikaanza ng'ambo ya mpaka na kila nyumba ikawa inamtafuta mtu wake. Nikanunua taar, ile redio ya upepo, nikaifunga katika chumba cha bati kando ya duka, mtu wa Garissa akaongea na mtu wa Griftu au Eldas au Mandera kwa saa waliyopangiana. Umekulia ndani ya chumba kile. Tulisikia nani amezaa, nani ameolewa, mvua imenyesha wapi, ngamia wa nani wamepotea. Tulisikia vilio pia, na tulijifunza kutazama ukutani.

Ulipofika kidato cha tatu, mwalimu wenu wa fizikia, yule kijana wa kutoka bara, alikuonyesha mchoro. Ukachukua kikebe chako cha jiometri, ukakitoboa kwa msumari, ukafunga soketi ya miguu minane, betri ya volti tisa, na taa mbili ndogo kama punje za mtama, nyekundu na kijani. Rezista na kapasita ulizitoa kwenye redio zangu zilizokufa bila kuniuliza. Aisii nzima ikichomekwa pale, taa zilipokezana, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani. Ikiwa mbovu, taa moja iling'ang'ania au zote zilizimika.

Siku ulipokileta dukani mwalimu wako alikuwepo, kwa hiyo tulikuwa tunaongea Kiswahili, na Hassan wa nyama alikuwa amekuja kunywa chai yangu kama kawaida yake. Akainama akaziangalia zile taa.

"Wallahi, hii kitu inabebesa macho!" akasema, maana "p" ya kupepesa haimo mdomoni mwake. "Fundi, msichana yako amekufukuza kazi leo."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, huku nikikisukuma kile kikebe pembeni. Nikamjibu kwamba taa hizo ni za jana na kidole changu kina mvi. Wakacheka zaidi. Wewe ulitabasamu ukiangalia chini, na kwa kuwa ulitabasamu nilijiambia kwamba haikukuuma.

Wakati ule aisii zilizokuwa zinaletwa na madereva wa lori kutoka Nairobi zilikuwa zimeanza kuwa za ajabu. Nyingine zilikuwa zimekwanguliwa mgongo na kuandikwa jina jipya. Wewe ndiye uliyegundua ugonjwa wake. Asubuhi, bati likiwa baridi, taa za kikebe zilipokezana vizuri kabisa. Adhuhuri, bati linapoanza kulia kwa joto, taa zilianza kusita, kisha moja ikaganda. Jioni zikaanza tena kupokezana kana kwamba hakuna kilichotokea. Ulinifuata kwenye meza ukaniambia, "Aabo, hii si nzima. Ni nzima asubuhi tu."

Kuanzia hapo hukuikubali aisii yoyote mpaka ikae ndani ya kikebe na kuvumilia joto la mchana. Zilizoshindwa ulizitia tone la rangi nyekundu ya kucha uliyoichukua kwa mama yako, ukaziweka ndani ya kikombe kilichovunjika mkono. Jambo hilo mimi na kidole changu hatukuliona kwa miaka yote niliyofanya kazi chini ya bati lile lile. Nilipaswa kukwambia siku ile kwamba umefanya vizuri. Nilikwambia utoe kikombe chako mezani.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa katikati ya jilaal, kiangazi kile cha vumbi. Ayeyo Dahabo alikuwa na dada yake Griftu, walikuwa wamekosana zamani juu ya jambo ambalo hata wao walikuwa wameanza kulisahau, na hawakuwa wanasemeshana. Habari ikaja kwamba dada ni mgonjwa sana na anataka waongee kwenye taar. Unajua kwetu mtu hataki kuingia kaburini na kinyongo cha ndugu yake. Anataka kusikia kwa sikio lake, nimekusamehe, nisamehe. Vijana wa Griftu walipanga kumbeba juu ya kitanda mpaka kwenye chumba cha taar cha kule, baada ya sala ya Adhuhuri.

Asubuhi hiyo taar yetu ikafa sauti. Wewe ulikuwa umepeleka betri ya akiba kuchajiwa. Niliifungua nikakuta aisii ya sauti imeungua, nikatafuta nyingine kwenye droo, nzima zote zimekwisha, na lori la Nairobi lilikuwa bado njiani. Taar nyingine ilikuwepo upande wa pili wa mji, ungeweza kufika kwa miguu kabla chai haijapoa. Ningempeleka Ayeyo huko. Lakini nikajiuliza, nimpeleke jirani yangu kwa mshindani wangu, watu wakiona?

Nikatia mkono kwenye kikombe chako.

Usidhani sikujua maana ya lile doa jekundu. Nilijua. Niliifunga ile aisii, nikagusa mguu wake kwa kidole, ikanguruma vizuri kabisa. Nikajiambia mazungumzo yenyewe ni mafupi, itavumilia. Na nikajiambia jambo jingine, hili ndilo linalonitafuna zaidi, kwamba ikifaulu nitaitoa jioni nikuonyeshe lile doa mbele ya Hassan, tucheke. Kwa ajili ya kicheko hicho.

Ayeyo aliketi kwenye benchi, akashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. Chumba kilijaa, maana hakuna asiyependa kuona ndugu wakipatana. Dada yake alikuja hewani, sauti nyembamba, "Dahabo, ni wewe?" Ayeyo akalia hata kabla hajajibu. Akasema yote aliyokuja nayo. Akasema nimekusamehe mbele ya Mungu, nawe nisamehe. Kisha akaachia kitufe asikilize. Bati lilikuwa linalia juu ya vichwa vyetu. Tukamsikia dada yake akivuta pumzi na kuanza, "Dahabo, mimi..." na sauti ikakonda, ikakwaruza, ikapotea.

"Sema!" Ayeyo aliliambia lile sanduku. "Sema, abaayo, dada yangu, nakusikia!"

Nililipiga sanduku. Nikagusa kwa kidole. Kimya. Hata ngurumo haikutoka. Nikamwambia Ayeyo angoje, itarudi sasa hivi, na taar ya upande wa pili sikuitaja.

Jioni, bati lilipopoa, taar ikapona yenyewe, kama ulivyosema inavyopona. Sauti ya Griftu ikaja safi kama mtu aliye chumbani: mgonjwa amefariki Alasiri, atazikwa asubuhi. Ayeyo alikuwa hajaondoka kwenye benchi. Hakulia safari hii. Alitazama watu waliokuwa wamejaa pale akauliza, "Nani aliifungua redio hii leo?"

Wewe ulikuwa umerudi, umesimama mlangoni, mikono yako ina weusi wa betri.

Nami nikasema, "Ni mtoto. Anacheza na vikebe vyake, ameweka aisii mbovu."

Nilisema haraka, kama mtu anayetoa mkono wake kwenye moto. Sikufikiri. Lakini baada ya kusema nilipata nafasi ya kufikiri, na sikurudisha neno langu. Ayeyo alisimama akakunyooshea kidole. "Mkono huo ulioninyima sauti ya dada yangu," akasema, "Mungu asiutie baraka katika chochote utakachokigusa." Watu wakasema astaghfirullah, mama mmoja akamvuta shuka, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Habaar, laana ya mama mzee aliyefiwa, huku kwetu hakuna anayeicheka. Hata wanaojifanya wanacheka hawamwozi mtoto wao kwa aliyepewa.

Uliniangalia. Si kwa muda mrefu. Kisha ukaangalia mkono wako. Mtoto wa kwetu hamfanyi baba yake mwongo mbele ya wageni, na wewe ulilelewa vizuri, mimi ndiye niliyekulea. Ukasema, "Nisamehe, Ayeyo." Uliomba msamaha wa kosa langu kwa sauti nzuri ya heshima, kama nilivyokufundisha.

Kesho yake ulikuja mapema, ukaifungua taar. Nilikuwa nyuma yako, nikijifanya natafuta waya. Niliona bega lako likisimama. Uliliona doa. Ukaitoa ile aisii, ukaitia mfukoni, ukafunga nyingine iliyokuwa imekuja na lori, ukakaza skrubu zote, ukaenda shule. Hukuniuliza kitu. Ungeniuliza ningekupigia kelele, na baada ya kelele pengine ningelia, na jambo lingekwisha siku ile. Lakini hukuniuliza, nami nikaushukuru ukimya wako. Nimeushukuru miaka miwili. Hiyo nayo ni dhambi ya peke yake.

Yule mzee wangu wa Nairobi, mwaka wangu wa kwanza kwake, nilimuunguzia redio ya mteja. Ilikuwa redio kubwa ya mbao, ya mtu mwenye hasira. Mteja alipokuja na kuanza kufoka, mzee alisema, "Ni mimi. Nilichoka, nikakosea waya." Alitukanwa pale mbele yangu mpaka mate yakamrukia, naye anaitikia tu, ndiyo, ndiyo. Mteja alipoondoka aliniambia nichemshe chai. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka nilipoondoka kwake. Nilijifunza kwake kugusa aisii kwa kidole na nikajiona nimemaliza masomo yote.

Mama yako ameniuliza mara nyingi. "Mtoto huyu alikuwa anapenda nyaya kuliko chakula. Kumetokea nini?" Nilimwambia wasichana hubadilika. Lakini niliona. Ulikifumua kikebe. Ulirudisha rezista zangu kwenye redio zangu zilizokufa, kila moja mahali pake, kana kwamba kuna siku zitafufuka. Dada yako alipojifungua, kila mtu alimpokea mtoto na kumbusu, wewe ukasema mikono yako imechoka. Ulikuwa umeketi tangu asubuhi, aabo. Ilikuwa imechoka na nini? Nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji, nikarudi ndani nikala wali.

Na juzi uliposema unakwenda kusomea ukarani, na mwalimu wako mwenyewe alikuwa amekuombea nafasi kwenye chuo cha ufundi, mama yako alipiga vigelegele na mimi nikasema mashallah. Sikwambii usomee redio. Hilo ni lako, na ukarani ni kazi safi ya kivulini. Ila usiende kupiga chapa kwa sababu unaogopa kugusa kitu kingine. Ukiwa unakimbia, ukimbie kitu cha kweli.

Utakutana na wenye kidole kama changu huko uendako. Wamejaa, wengine wana tai. Watakuwa wamefanya kazi yao vizuri kwa miaka mingi, na siku moja kitu kidogo cha mtu mdogo kitawaonyesha walichokosa kukiona, nao watakichukia. Sijui nikwambie nini juu ya watu hao. Usiwafedheheshe, lakini usiwanyamazie pia. Kati ya hayo mawili pana njia fulani, nami sikukufundisha kwa sababu siijui. Pengine utaiona mwenyewe, kama ulivyouona ugonjwa wa joto.

Nilidhani heshima ni kile watu wanachosema wakiniulizia sokoni. Niliilinda hiyo, nikatoa ya nyumbani kuilipia.

Leo watu wa dua walipotawanyika, nilivuka uzio nikaenda kwa Ayeyo. Alikuwa anakamua mbuzi. Hakuniambia nikae. Nilisema nikiwa nimesimama, nikamwambia yote, kikombe, doa, taar ya upande wa pili wa mji. Mkono wake uliendelea kukamua mpaka nilipofika kwenye "si mtoto, ni mimi." Hapo maziwa yakaacha kusikika.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Mtoto yule ananisalimia kila asubuhi kwenye uzio," akasema. "Sijamwitikia hata mara moja. Unajua hilo?"

"Najua, Ayeyo."

"Waryaa, wewe bwana, nimemlaani asiye na kosa. Unajua habaar ya namna hiyo inakwenda wapi?" Hakungoja nijibu. "Inarudi kwenye mdomo ulioitoa. Umenifanya nijilaani mimi mwenyewe, na kila Ijumaa unaniletea majani ya chai na sukari. Nilidhani ni ujirani."

Nilimwomba anisamehe. Akafuta mikono kwenye shuka yake taratibu sana. "Wewe utangoja," akasema. "Mimi nilimngoja dada yangu kwenye sanduku lako."

Nikamwomba basi asinifanyie mimi, akuombee wewe tu dua, usisafiri na lile neno juu yako. Nilidhani atanifukuza.

"Nililisema mbele ya watu," akasema. "Siwezi kuliondoa uvunguni kama mwizi. Kesho asubuhi nitakuja kwenye basi. Hassan atakuwepo, mama Fatuma atakuwepo, wote waliokuwa mle chumbani watakuja kumuaga. Sema mbele yao haya uliyoniambia hapa. Ukisema, nitaushika ule mkono nitautemea mate ya dua kama ninavyowafanyia wajukuu zangu. Usiposema, nitarudi kwa mbuzi wangu."

"Nitasema," nikamwambia.

"Wewe?" akasema, akarudi kukamua.

Nimerudi nyumbani na neno hilo moja, na nimelibeba tangu Magharibi. Ana haki ya kuuliza. Najijua, aabo. Nimekaa hapa najaribu maneno yenyewe kwa sauti ya chini, wenzangu, siku ile taar ilipokufa, na kila mara ninapofika mahali pa kusema "mimi" narudia kutoka mwanzo kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Naogopa. Naiogopa sura ya Hassan. Mtu mzima, nimezika wazazi wangu, nimeona mji huu ukikimbiwa usiku na kurudiwa asubuhi, na ninachokiogopa ni sura ya mchinja mbuzi anayekunywa chai yangu bure.

Najua pia jinsi ninavyotoroka. Sitakataa kusema. Nitachelewa tu. Nitabeba sanduku lako mpaka juu ya basi, nitabishana na utingo juu ya kamba, nitauliza tairi zina upepo, mpaka dereva apige honi. Kisha nitasema muda haukutosha. Nitajiamini kabisa nikisema hivyo.

Ndiyo sababu barua hii siitii ndani ya begi uisome ukishafika Nairobi. Naiweka juu ya viatu vyako, uipate kabla hujatoka nje. Isome yote hata kama mama yako anakuita. Mwache aite.

Mkifika pale, ukiniona nimeshika kamba za mizigo na Ayeyo amesimama na watu wamesimama, usinihurumie. Ulinihurumia mara moja na imekugharimu mkono wako. Sema wewe. Sema mbele ya wageni wote, kwa sauti ya kusikika, "Aabo, ulisema uwongo." Hutakuwa umenivunjia heshima. Mimi ndiye baba yako, na mimi ndiye ninayekuomba unikatize, mbele ya watu, mara hii moja. Nitakuwa nimekupa mgongo, kwa hiyo piga kelele.

Baba yako.